Cherehani Isiyokuwa ya Bibi

Wapwa zangu wameniomba niandike asili ya cherehani ya miguu iliyopo sebuleni kwao Auburn, ile ambayo siku ya harusi ilifunikwa kitambaa cha kijani, ikawekewa na kikaratasi kilichosema: «Cherehani ya Bibi, Unguja». Wageni waliipiga picha, na sasa picha hizo zimefika Maskati, Mombasa na Toronto. Nimekubali kuandika, kwa sharti moja, kwamba nianze na hicho kikaratasi. Cherehani ile si ya Bibi, wala haijapata kukanyaga ardhi ya Unguja. Najua neno hili litawaudhi baadhi ya jamaa. Hata hivyo, mwenye kutunza habari za ukoo hana budi kuzitunza kama karani anavyotunza daftari: kilichoingia kiandikwe kimeingia, na kilichotoka kiandikwe kimetoka.

Ushahidi wa kwanza umo mwilini mwa mashine yenyewe. Upande wa kulia wa kitako chake, karibu na gurudumu la mkono, pamegongwa namba inayoanza kwa herufi Y. Singer walikuwa na desturi ya kuzitolea mashine zao namba kwa herufi na mafungu, na herufi Y ni ya kiwanda chao cha Kilbowie, katika mji wa Clydebank, Scotland, baina ya miaka ya 1920 na katikati ya miaka ya 1930. Namba haitaji siku ambayo mashine ilikamilika, kwani mafungu ya namba yalitengwa kwanza, na mashine zikaundwa baadaye. Lakini inatosha kututoa gizani. Kiwanda kile kilifunguliwa mwaka 1885, na katika siku zake za neema kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya elfu kumi na mnara wa saa ulioonekana kutoka mbali. Kilifungwa mwaka 1980, nao mnara ulikwisha kubomolewa kabla ya hapo. Hata leo kituo cha garimoshi cha mahali hapo kinaitwa Singer. Kampuni ilikuwa ya Kimarekani, chuma ni cha Scotland, na wateja walikuwa dunia nzima, Unguja na Sydney zikiwamo. Kwa hiyo, kusema tu «ni Singer ya zamani» si hoja. Singer za zamani zilitapakaa kila penye uzi na sindano.

Ushahidi wa pili ulitoka katika mtoto wa meza. Chini ya vifungo vya nguo, sindano zilizoshika kutu na kipande cha chaki ya fundi, palikuwa na kadi ya malipo ya mafungu. Kila mwezi umegongwa muhuri, hesabu ni ya pauni na shilingi, na muhuri wa mwisho ni wa mwaka 1929. Duka lilikuwa hapa hapa Sydney. Jina la mwanamke aliyelipa limo kwenye kadi. Silitaji, kwa kuwa si letu kulitangaza. Nilikaa na kadi ile usiku mmoja mzima. Mtu aliyeshika leja maisha yake yote huweza kumsoma mwenziwe katika mihuri: miezi miwili haina muhuri, kisha mwezi wa tatu una mihuri mitatu kwa pamoja. Alikwama, akahangaika, akalipa. Uuzaji huu wa mafungu Singer waliuanza mwaka 1856, wakati bei ya mashine moja ilikuwa nzito mno kwa mtu wa kawaida, na ndio ulioziingiza cherehani katika nyumba za watu wasiokuwa na fedha taslimu.

Na katika mwaka huo wa 1929, lau Bibi angetaka kuja Sydney kuichukua mashine hiyo, asingeweza. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901 ilikuwa imekwisha kuufunga mlango wa Australia mbele ya watu wa rangi yetu, tena kwa hila ya imla: mgeni asiyetakiwa alisomewa maneno hamsini kwa lugha ya Ulaya ambayo ofisa mwenyewe ameichagua, na akishindwa kuyaandika alirudishwa. Bibi alikuwa akisoma Kiarabu na akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, lakini elimu hiyo isingemfaa kitu mbele ya ofisa yule. Imla iliondolewa mwaka 1958, na siasa yenyewe ya «Australia Nyeupe» ikazikwa mwaka 1973. Sisi tulifika katika miaka ya 1980. Wajukuu mliozaliwa hapa na mkadhani kwamba bandari hii ilikuwa wazi tangu hapo, lizingatieni hilo.

Namna mashine ilivyopatikana ni habari fupi. Manispaa za hapa huwaruhusu watu kutoa vyombo vizito barabarani kwa siku maalumu, gari likapita kuvizoa. Mpwa wangu aliiona Granville, mbele ya nyumba iliyokuwa ikihamwa, kati ya godoro na friji. Alibisha hodi, akaambiwa aichukue. Alichobahatika ni kuikuta nzima. Aghalabu wauzaji wa vitu vya kale huzitenganisha: miguu ya chuma huwekewa ubao wa juu ikawa meza ya mkahawa, na kichwa, ndicho cherehani yenyewe, hutupwa kwenye vyuma chakavu. Kila ninapokunywa kahawa juu ya miguu ya Singer katika mitaa ya Newtown hujiuliza kichwa chake kiko wapi.

Basi ya Bibi ilikuwa ipi?

Yeye hakusema cherehani. Alisema charahani, kama wasemavyo watu wa Unguja. Neno ni moja, na asili yake ni «charkh» ya Kiajemi, yaani gurudumu, ndimo lilimotoka pia cherehe la kunolea visu. Mashine hizi ziliingia katika mji ambao tayari ulikuwa umezama katika biashara ya nguo. Tangu mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani, majora ya merikani yalikuwa yakishushwa Forodhani. Baadaye wanawake wa mjini wakawa wananunua leso za vipande na kuviunganisha kwa mshono, na hapo, kama wazee walivyotusimulia, ndipo ilipozaliwa kanga. Utumwa ulipoondolewa kwa amri ya mwaka 1897, watu waliokuwa wamezuiliwa mavazi ya kiungwana walitaka kuvaa kanzu, kofia, kanga na hatimaye buibui. Nguo zote hizo, isipokuwa kofia ya vito inayotobolewa kwa mkono, zilihitaji mshono mrefu ulionyooka, na mshono mrefu ulionyooka ndio kazi ya cherehani.

Mafundi wanaume walikaa barazani, Darajani na katika vichochoro vya Mji Mkongwe, mguu kwenye kanyagio na macho njiani. Lakini zilikuwako cherehani nyingine ambazo mpita njia hakuziona, alizisikia tu nyuma ya dirisha. Mwanamke wa heshima, ambaye ada haikumruhusu kwenda sokoni, aliweza kushona kwa malipo bila kuvuka kizingiti. Mtoto alileta kitambaa na mtoto akarudisha nguo. Kwa maoni yangu wanahistoria wetu wameyatazama majahazi na karafuu, wakaisahau sauti hii. Bibi alifiwa na mumewe akiwa na watoto wanne. Kilichowasomesha si shamba la karafuu ambalo baadhi yenu mnalisimulia, kwani shamba lilikuwa na deni kuliko mikarafuu. Kilichowasomesha ni mabuibui, foronya na magauni ya Idi.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 familia yetu ilitoka. Mimi nilikuwa na umri wa miaka sita. Nakumbuka mabegi mawili na birika. Cherehani sikuiona ikitoka kwa kuwa haikutoka. Shangazi, ambaye wakati huo alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu, anasema kwamba Bibi aliifuta, akaitia mafuta, akalegeza ukanda ili usikatike, kisha akamwita jirani yake, mwanamke wa Makunduchi aliyejifunza kushona kwa kukaa ubavuni pake, akamkabidhi. Alimwambia: «Hii ni amana. Nikirudi utanipa, nisiporudi kula nayo.» Hakurudi. Alifia Maskati, na mwanamke wa Makunduchi akala nayo, yeye na wanawe, kwa haki.

Mwaka 1988 Shangazi alikwenda Unguja kwa mara ya kwanza tangu kuondoka. Aliikuta mashine chumbani kwa binti wa yule jirani, ingali inashona, ubao wake umepasuka na kufungwa waya. Wenyewe walitaka kumrejeshea. Alikataa. Alikunywa chai, akashonewa mto, akaondoka na mto.

Hiki ndicho kinachonifanya nisikivumilie kile kikaratasi. Tukisema kwamba cherehani ya Bibi iko Auburn, tunamfuta mwanamke aliyepewa amana, tunamfuta binti yake, na miaka yote waliyoshona baada yetu inakuwa kana kwamba haikuwako. Tena tunampokonya mwanamke wa Sydney mihuri yake. Sisi watu wa kuhamahama tuna tamaa ya kuwa na kitu cha kushika. Tamaa hiyo naielewa, nami ninayo. Lakini kuna tofauti baina ya kurithi kitu na kukiokota.

Anayeng'ang'ania kuwa huenda mashine ilisafirishwa kwa njia tusiyoijua na amsikilize Shangazi juu ya jambo moja dogo. Ya Bibi, asema, uzi wake wa chini ulikaa ndani ya kichuma kirefu «kama kimtumbwi», kilichopiga bembea mbele na nyuma. Hiyo ndiyo Singer ya aina ya 27 na ndugu zake. Hii ya Auburn ni 15K: uzi wa chini umo katika bobini ya duara, ndani ya kikopo kinachochomekwa ubavuni, upande wa kushoto. Ni aina ile ile ambayo Wajapani, Wahindi na Wachina waliiiga baadaye, na ndiyo inayofanana na Butterfly za mafundi wa Kariakoo. Kimtumbwi hakigeuki duara kwa kuvuka bahari.

Nije kwenye matengenezo, maana yalituchukua miezi minne. Kichwa kilikuwa kimeganda kabisa. Gurudumu halikusogea hata unywele. Mafuta ya zamani yakikaa miaka hugeuka gundi. Tulidondoshea mafuta ya taa katika kila tundu la mafuta, tukaacha siku tatu, tukadondoshea tena, na siku ya tisa gurudumu likasogea kadiri ya upana wa kidole. Hapo vijana walitaka kutumia nguvu. Nikawazuia: chuma cha kalibu hakipindi, huvunjika. Baada ya kulegea tulitia mafuta mepesi ya cherehani, yale meupe, kwani ya kupikia hurudisha gundi ile ile. Mapambo ya dhahabu mwilini yamefunikwa kwa lakiri inayoyeyuka kwa spiriti. Mtu akiyasugua kwa spiriti, au kwa sabuni kali, hubaki na chuma cheusi kitupu. Sisi tulitumia pamba na mafuta hayo hayo ya cherehani, nusu saa kila jioni. Miguu ilipigwa brashi ya waya mpaka maandishi ya SINGER yakasomeka. Ukanda mpya wa ngozi, wa duara, unene wa milimita tano, tuliupata kwa fundi mzee wa Cabramatta, akatufundisha kuuacha mrefu kidogo na kuukata baadaye, maana ngozi hunyooka wiki ya kwanza. Sindano hazikuwa na taabu; zinazouzwa leo madukani huingia.

Kazi kubwa ikawa miguu ya watu, si ya mashine. Gurudumu la mkono lazima lizunguke kukuelekea wewe mshonaji. Likienda kinyume, uzi hujikunja na kukatika. Vijana watatu, mmoja wao mhandisi, walikata uzi jioni nzima. Kisha Shangazi akaletwa kutoka Lakemba. Ana miaka zaidi ya themanini na magoti yanamsumbua. Alivua viatu, akaweka mguu mmoja mbele na wa pili nyuma kidogo, akalisukuma gurudumu kwa kiganja, na kanyagio likaitikia kwa mwendo mmoja, kisigino na vidole, kisigino na vidole. Alishona upindo wa foronya kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusema. Alipomaliza aliukagua mshono kwa ukucha. «Inakwenda vizuri,» akasema. «Ya mama ilikuwa nyepesi zaidi.» Kisha akawaita wasichana, na siku hizi kila Jumamosi huwafundisha kukata na kushona kanzu, na huwafumulia bila huruma.

Kadi ya mwaka 1929 tumeirudisha katika mtoto wake wa meza, ndani ya bahasha isiyo na tindikali. Kilichobaki ni namba ya mashine ya Bibi, ili nayo ijulikane ilitoka kiwanda gani na katika miaka ipi. Kwa jamaa walioko Maskati: ile picha ya Idi iliyopigwa chumbani, Bibi amekaa na watoto wamesimama, ilipata kuonekana katika albamu ya marehemu ami. Aliye nayo aitazame kwa kioo cha kukuzia, chini ya gurudumu la mkono, upande wa kulia. Na yeyote atakayekwenda Unguja, apite Makunduchi, aombe kwa adabu kuiona mashine na kuinakili namba. Asiombe zaidi ya hapo.