Uzi wa Piano na Historia ya Uchaguzi Wake



Piano inapoharibika sauti, wengi huwaza kwamba dawa yake ni nyuzi mpya, nene na zenye nguvu kuliko zile za kwanza. Historia inatufundisha vingine.

Aliyeweka msingi wa elimu hii ni padri. Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Waminimi, alitoa mjini Paris mwaka wa 1636 kitabu kiitwacho Harmonie universelle. Humo alieleza kwamba sauti ya uzi hufuata mambo matatu: urefu wake, uzito wake, na nguvu inayouvuta. Wakati ule piano haikuwako bado. Bartolomeo Cristofori aliibuni mjini Firenze karibu na mwaka wa 1700. Lakini kanuni za mtawa yule zinaitawala hata leo.

Katika karne ya 18 mafundi walitia nyuzi nyembamba: za chuma laini kwa sauti za juu, na za shaba iliyochanganywa na zinki kwa sauti za chini. Kiunzi kilikuwa cha mbao, wala hakikuweza kuvumilia mvuto mkubwa. Mwaka wa 1825 Alpheus Babcock wa Boston, Marekani, alipata hati ya kiunzi cha chuma kilichomiminwa kizima. Mwaka wa 1834 kampuni ya Webster, huko Birmingham, Uingereza, ilitoa nyuzi za chuma cha pua. Polepole nyuzi ziliongezwa unene, hata katika piano kubwa ya leo zote pamoja huvuta kwa nguvu ya karibu tani 20.

Basi, tutazame fundi anayeondoa katika piano ya kale uzi wa milimeta 1, akatia wa milimeta 1.1. Kwa kanuni ya Mersenne, ili sauti iwe ileile, mvuto lazima uongezeke 21 kwa mia. Afanye hivyo kwa nyuzi zote, na kiunzi cha mbao kitapinda au kupasuka. Tena uzi mnene haupindiki kwa urahisi. Sauti ndogo zinazoambatana na sauti kuu hazipatani nayo vema, na mlio hupoteza utamu.

Kwa sababu hiyo mafundi waangalifu hupima kila uzi kwa mikrometa kabla ya kuutoa, wakaandika unene na urefu wake. Wala hawaamini kila wanachokuta, maana pengine fundi aliyetangulia aliubadili; hufanya hesabu upya. Huko Ulaya nyuzi za chuma laini zingali zinatengenezwa kwa ajili ya piano za kale.

Uzi bora, basi, si ule unaoshinda mwingine kwa nguvu, bali ule unaopatana na chombo kinachoupokea. Naye anayeng'oa nyuzi kabla ya kupima amepoteza shahidi ambaye hatampata tena.