Kaskazi ya Theluji

Katika lugha ya Kiswahili, upande wa kaskazini umechukua jina lake kwa upepo wa joto. Kaskazi huvuma tangu Desemba hadi Machi, jua likiwa kali na bahari ikiwa njia, na kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi yalisukumwa nayo mpaka bandari za Lamu, Mombasa na Unguja. Baridi, kwa mtu wa pwani, hutoka upande wa pili. Huja na kusi, katika miezi ya kipupwe. Kwa hiyo, walipokuja Kibaha watu wa Denmark, Finland, Norwe na Uswidi katika miaka ya sitini, walikuwa watu wa kaskazini ambayo neno lenyewe halikupata kuijua.

Kibaha iko kiasi cha kilomita 40 kutoka Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Morogoro. Abiria ateremkaye leo katika kituo cha Picha ya Ndege hayuko mbali na Tumbi, mahali ambapo mradi wa nchi hizo nne na serikali ya Tanganyika ulianza kwa mapatano ya mwaka 1963. Ulikuwa mradi wa kwanza mkubwa wa misaada ambao nchi za Nordiki ziliufanya kwa pamoja, na shabaha yake ilisemwa kwa msamiati wa siku zile: kupigana na ujinga, maradhi na umaskini. Ikajengwa shule ya sekondari ya wavulana, kituo cha afya ambacho baadaye kilikua kikawa Hospitali ya Tumbi, na chuo cha kuwafunza wakulima. Januari 1970 vyote vikakabidhiwa serikali ya Tanzania, na ndivyo lilivyopatikana Shirika la Elimu Kibaha. Miongoni mwa wanafunzi wa miaka ile alikuwamo Jakaya Kikwete, aliyekuja kuwa Rais tangu 2005 hadi 2015.

Hayo ni mashuhuri, nayo husimuliwa kila zinapoandikwa habari za Kibaha. Kisichosimuliwa ni mahali walikotoka wageni wale. Hutajwa kuwa wafadhili, basi, kana kwamba ufadhili ni nchi ya mtu na kabila lake. Walikuwa na majira yao, masoko yao, michezo yao na aibu zao, na sehemu kubwa ya hayo iliumbwa na msimu mmoja ambao Kiswahili hadi leo hakijaupatia jina linaloutosha.

Wafasiri wengi huandika "kipupwe". Ni neno zuri, lakini kipupwe ni miezi ya kushukuru: usiku wa kujifunika shuka, upepo wa kuanikia samaki. Kuliita kwa jina hilo giza la miezi mitano, maziwa yaliyoganda hata yakapitisha magari, ni sawa na kuiita dhoruba upepo. Wengine huandika "majira ya baridi", na hapo angalau hapana udanganyifu. Theluji yenyewe haina taabu. Neno lilitoka kwa Waarabu, na Kilimanjaro iliwapa watu wa bara mahali pa kulitumia. Barafu ndiyo yenye kisa. Asili yake ni Kiajemi, na kwa Waajemi maana yake ni theluji, ile iangukayo milimani. Ilipovuka bahari ikaacha kuanguka. Ikawa kitu kigumu cha kupozea maji, na mwisho ikawa ile barafu ya ubuyu na ukwaju wanayoinyonya watoto wa Darajani na Ng'ambo mchana wa kaskazi.

Wala si kweli kwamba Waswahili waliisubiri Kibaha ndipo waijue baridi ya Ulaya. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kutoroka Unguja mwaka 1866, aliingia Hamburg mwaka uliofuata akiwa mke wa mfanyabiashara wa Kijerumani, na miaka mitatu baadaye alikuwa mjane mwenye watoto wadogo katika mji wa mvua na theluji. Aliandika mengi juu ya maisha hayo, kwa Kijerumani, na barua zake za kuikumbuka nyumbani hazikuchapishwa mpaka 1993. Alifariki Jena, tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg pamoja na mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja. Amur bin Nasur, naye wa Unguja, alifundisha Kiswahili Berlin tangu 1891 hadi 1895. Salim bin Abakari, Mngazija, alimfuata bwana wake Mjerumani mwaka 1896 hadi Urusi na Siberia, akarudi kwa njia ya Asia ya Kati, na habari ya safari yake, kwa Kiswahili, ilichapishwa Ujerumani mwaka 1901. Maandishi ya hawa wawili wa mwisho yalikusanywa ili Wajerumani wajifunzie lugha. Watu wa pwani, wenye lugha, ndio waliokuwa wa mwisho kuyasoma.

Februari, basi, wakati kaskazi inapovuma Unguja, kuna soko katika mji wa Jokkmokk, kaskazini mwa Uswidi, juu kidogo ya mstari wa Aktiki. Limekuwapo tangu 1605. Mwaka 2005 liliadhimisha miaka 400. Baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri si ajabu kwa siku hizo. Msomaji atauliza kwa nini watu wenye akili wachague mwezi huo kukutana nje. Jibu lake atalielewa upesi mtu aliyekulia bandarini: kwa sababu ndio msimu wa njia. Wakati wa joto nchi ile ni matope, vinamasi na mito. Theluji ikishika na maji yakiganda, kila mto hugeuka barabara, na sleji ikokotwayo na kulungu wa kufugwa hufika isikoweza kufika miezi mingine. Wasami, wenyeji wa nchi hiyo na wafugaji wa kulungu hao, walikuwa wamekusanyika katika makao yao ya baridi. Wafanyabiashara wa pwani ya Bothnia walileta unga, chumvi na nguo, wakaondoka na ngozi. Jahazi lilingoja upepo na sleji ikangoja barafu, na wote wawili walijua kwamba msimu ukipita kabla ya kufunga mizigo, mtu atakwama ugenini.

Lakini soko lile halikuwa tunu. Lilianzishwa kwa amri ya Mfalme Karl wa Tisa, aliyetaka kuwapata Wasami mahali pamoja ili watozwe kodi, wahukumiwe na wahubiriwe. Leo wageni humiminika kutazama maandamano ya kulungu na mashindano yao juu ya ziwa lililoganda, kununua visu vya mpini wa pembe, kunywa kahawa kando ya moto. Ni sherehe ya kweli, na chini yake kuna daftari la mtoza kodi. Watu wa pwani wanaoijua historia ya forodha hawatashangaa.

Mbali kusini ya huko, Jumapili ya kwanza ya Machi, kuna Vasaloppet, mbio za skii, zile mbao mbili nyembamba zifungwazo miguuni. Zilianza mwaka 1922 kumkumbuka Gustav Vasa, aliyekimbia kwa skii majira ya baridi ya 1520 kuelekea 1521 baada ya watu wa Mora kukataa kumfuata vitani. Walipojuta wakatuma watu wakamrudishe, na mwaka 1523 akawa mfalme. Urefu wa mbio ni kilomita 90. Ni kama kutoka Dar es Salaam alfajiri, kuipita Picha ya Ndege, kuipita Mlandizi, na kukaribia Chalinze, kwa miguu inayoteleza. Hushiriki watu kiasi cha 15,000, na njiani hupewa supu ya moto, tamu, ya tunda dogo la msituni lenye rangi ya zambarau. Jambo moja halisemwi sana: mwanamke mmoja alishiriki mwaka 1923, na tangu 1924 wanawake wakapigwa marufuku mpaka 1981. Maana yake, miaka yote ambayo Waswidi walikuwa Kibaha wakifundisha maendeleo, binti wa kwao hakuruhusiwa kushindana katika mbio hizo. Haifai kulisema kwa kejeli. Yafaa kulijua tu.

Zito zaidi ni habari ya Wasami. Norwe na Uswidi ziliwaweka watoto wao katika shule ambako lugha ya nyumbani ilidharauliwa au kukatazwa, na uimbaji wao wa joik, ambao humwita mtu au mnyama kwa sauti hata akawa kama yupo, wahubiri waliuita dhambi. Bunge la Norwe liliunda tume ya kuuchunguza unyonge huo, na ripoti yake ilitolewa mwaka 2023. Kabla ya tume alitangulia mshairi. Nils-Aslak Valkeapää, aliyefariki mwaka 2001, alipata Tuzo ya Fasihi ya Baraza la Nordiki mwaka 1991 kwa diwani aliyoiandika kwa Kisami, ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Jua, Baba Yangu". Na mwaka 1994, Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi ilipofunguliwa Lillehammer, aliimba joik uwanjani, thelujini, mbele ya wafalme. Diwani hiyo yafaa kupata mfasiri wa Kiswahili, tena mwenye sikio la kughani.

Kilichovuka kutoka katika msimu ule hadi Tanzania si theluji wala skii. Ni aina ya shule. N.F.S. Grundtvig wa Denmark, padri na mshairi aliyefariki mwaka 1872, alitaka vijana wa mashamba wapate chuo kisicho na mitihani, ambamo mwalimu angefundisha kwa neno lililo hai mdomoni na siku ikaanza kwa wimbo. Cha kwanza kilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Norwe ikafuata 1864, Uswidi 1868. Masomo ya vijana wa kiume yalipangwa miezi ya baridi, ardhi ikiwa imefungwa na jembe halina kazi. Mwaka 1975 Tanzania, kwa msaada wa Uswidi, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa mfano huo, na leo ni zaidi ya 50. Kimojawapo kiko Kibaha, chini ya Shirika la Elimu.

Hapo ndipo penye mushkeli ambao wapangaji hawakuupima vya kutosha. Ardhi ya Kibaha haifungwi. Vuli ikiisha, palizi. Masika ikija, kupanda. Na korosho hazimngoji aliyekwenda darasani. Mkulima wa Denmark aliyekaa chuoni Januari hakupoteza kitu shambani. Mkulima wa Mlandizi au Kisarawe aliyeitwa chuoni mwezi huo huo aliacha shamba lililo hai, na mtu wa kumlimia hakuwamo katika mpango. Waliokuja kwa wingi mwishowe ni vijana wasio na mashamba, waliotaka ufundi: useremala, ushonaji, magari, umeme. Chuo kikageuka kwa ajili yao, na Januari hii pia, jua likiwaka juu ya mabati, karakana zimefunguliwa.