Mjakaranda wa Pretoria na Sheria za Mimea Vamizi

Sheria za Afrika Kusini kuhusu mimea vamizi, yaani mimea iliyoletwa kutoka nchi nyingine kisha ikaenea yenyewe porini na kuisonga mimea ya asili, hazikuanzia bustanini bali malishoni. Katika miaka ya 1860 Koloni la Cape lilipitisha sheria dhidi ya Xanthium spinosum, gugu ambalo matunda yake yenye vijimiiba hunasa katika manyoya ya kondoo na kushusha bei ya sufu, bidhaa iliyokuwa tegemeo kubwa la koloni hilo. Sheria ya Magugu ya mwaka 1937 iliendeleza mtazamo huohuo: mmea ulihesabiwa kuwa adui kwa kuwa ulimtia hasara mfugaji au mkulima, na mti wa mapambo uliopandwa nyumbani, hata ukiwa mgeni kiasi gani, haukuwa na kesi ya kujibu.

Ni katika uhuru huo ndipo Pretoria ilipoupokea mjakaranda, mti wenye asili ya Argentina na Bolivia. Mnamo 1888 J. D. Celliers alipanda miche miwili katika bustani ya nyumba yake, Myrtle Lodge, eneo la Sunnyside. Mwaka 1906 James Clark, mwenye kitalu cha miche ambaye alikuwa ameagiza mbegu kutoka Australia, aliipa halmashauri ya mji miche 200, ikapandwa kandokando ya mtaa wa Bosman, na halmashauri ikaendelea kupanda mtaa baada ya mtaa hadi mji ukahesabiwa kuwa na mijakaranda ipatayo 70,000. Kila Oktoba, maua yanapochanua kama yanavyochanua Nairobi, barabara nzima hugeuka zambarau. Inafaa kukumbuka kwamba fahari hii haikuanza kwa amri ya serikali, bali kwa mwenye nyumba mmoja aliyependa mti, kisha mamlaka ya mji ikafuata nyayo zake.

Maana ya uvamizi ilibadilika mwaka 1995, wakati waziri wa maji Kader Asmal alipoanzisha mpango wa Working for Water, ulioajiri watu wasio na kazi kung'oa miti vamizi katika mabonde ya mito. Katika nchi yenye uhaba wa maji, mti mgeni unaoota kando ya kijito na kunywa maji mengi kuliko majani ya asili ulianza kutazamwa kama mwizi. Kanuni za mwaka 2001, zilizotungwa chini ya sheria ya 1983 ya kuhifadhi rasilimali za kilimo, ziligawa mimea hiyo katika makundi matatu, na mjakaranda ukaangukia kundi la tatu: miti iliyokwisha kupandwa iliruhusiwa kubaki, isipokuwa iliyo karibu na mito, lakini kupanda mipya na kuuza miche kukakatazwa. Kwa mji uliojitambulisha kwa mti huo, katazo hilo lilikuwa hukumu ya kifo cha polepole, kwa maana mti wa mtaani huzeeka, na usiporudishiwa mwingine, safu hubaki na mapengo.

Kanuni za mwaka 2014, zilizotokana na sheria ya bioanuwai ya 2004, zilitafuta njia nyingine. Katika mikoa kadhaa, ukiwemo Gauteng ilipo Pretoria, mjakaranda ulitangazwa kuwa mmea vamizi unaopaswa kudhibitiwa, lakini si ndani ya maeneo ya mji, wala si ndani ya mita 50 kutoka nyumba kuu ya shamba. Yaani mti uleule, wa mbegu ileile, ni pambo mahali pamoja na gugu mahali pengine. Uamuzi huu unaweza kuonekana kama kuwaridhisha wapenda maua, lakini una mantiki yake, kwa sababu mbegu za mjakaranda, nyepesi na zenye mbawa nyembamba, zikiangukia lami haziendi popote, ilhali zikifika kwenye udongo wenye unyevu wa bonde huota. Udhaifu wake nao uko hapohapo: mto Apies unapita katikati ya Pretoria, na mbegu inayobebwa na maji haitambui mpaka wa mji.

Kanuni hizohizo zilivuka lango la nyumba kwa njia ambayo sheria ya 1937 haikuifikiria. Pamoja na kuzitaka manispaa ziandae mipango ya kufuatilia na kudhibiti mimea vamizi katika ardhi zao, zilimtaka mtu anayeuza nyumba au kiwanja amjulishe mnunuzi kwa maandishi kuhusu spishi vamizi zilizoorodheshwa zinazoota hapo. Kwa hiyo bustani, ambayo zamani za Celliers ilikuwa shauri la mwenye nyumba peke yake, imeingia katika makaratasi ya mauzo.