Marimba Tuliyoipa Kisogo

Sisi tuliokulia katika vijiji vya Buganda miaka ya sabini hatukukosa michezo. Mvua iliponyesha, tulifinyanga ng'ombe wa udongo. Jua lilipowaka, tulifunga mpira wa majani makavu ya mgomba, tukaupiga mpaka giza lituondoe uwanjani. Waliochoka mbio walichimba ardhini vishimo 32, safu nne za vishimo vinane vinane, wakacheza mweso kwa kete 64, mchezo ambao ni ndugu wa bao la pwani. Hakuna aliyetufundisha kwa fimbo. Tulitazama wakubwa, tukaiga, na tulichojifunza hatukukisahau.

Lilikuwako jambo jingine ambalo tungaliweza kujifunza kwa njia iyo hiyo. Jirani yetu mmoja, mzee aliyepata kupiga muziki katika Lubiri, kasri la Kabaka huko Mengo, alikuwa na amadinda, yaani marimba ya vibao 12. Jioni alivipanga vibao juu ya vigogo viwili vya mgomba, akapiga peke yake. Lakini marimba hiyo haitoshelezwi na mtu mmoja. Wapigaji wake ni watatu. Wa kwanza hupiga wimbo wake. Wa pili, anayeketi akimkabili, hutia sauti zake katika nafasi zilizo baina ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu hukaa penye vibao viwili vya sauti ya juu kabisa, akasikiliza: katika muziki uliozaliwa na wenzake huziokota sauti mbili za chini kabisa, akazirudia huko juu. Mzee alihitaji wawili, nasi tulikuwa wengi. "Njooni, wajukuu zangu," alituita. Tulikwenda, tukagonga-gonga, tukacheka, tukaurudia mpira wetu.

Hatukujiuliza kwa nini alikuwa peke yake. Tarehe 24 Mei 1966 majeshi ya serikali ya Milton Obote yaliishambulia Lubiri. Kabaka Mutesa II alikimbilia Uingereza, akafia huko mwaka 1969. Wanamuziki wake walitawanyika, na ala nyingi ziliangamia. Mwaka 1967 katiba mpya ilizifuta falme zote za Uganda. Hivyo zilinyamaza hata entenga, ngoma 15 za kasri zilizopigwa na watu sita, ambazo 12 kati yake zililinganishwa sauti hata zikatoa nyimbo kama marimba. Muziki uliokuwa na nyumba yake, watumishi wake na vijana wake wa kurithi, ukabaki mikononi mwa wazee waliorudi vijijini.

Si kwamba yote yalipotea. Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka aliyefanya kazi pamoja na Klaus Wachsmann katika Jumba la Makumbusho la Uganda, aliwafundisha wengi, wenyeji na wageni. Miongoni mwao alikuwamo kijana wa Austria, Gerhard Kubik, aliyekuja Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Yeye alivuka mabara kwenda kuketi mbele ya vibao. Sisi tulitakiwa kuvuka ua tu.

Falme zilirudishwa mwaka 1993, lakini ufundi haurudishwi kwa sheria. Majirani zetu wa Busoga wanalijua hilo. Mwaka 2012 muziki wao wa bigwala, mabaragumu ya vibuyu, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Wakati huo walikuwa wamebaki wazee wanne tu wenye ujuzi wa kuyatengeneza na kuyapiga.

Mzee wetu alipofariki, vibao vyake viliishia jikoni, vikawa kuni. Hakuna aliyefanya ubaya; hakuna aliyejua kuvipiga. Leo tukisikia amadinda tunaitambua sauti, lakini mikono yetu haina la kusema.

Walimu wenzetu, wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji. Sisi tunaofundisha lugha tunajua kwamba mtoto hujifunza kusema kwa kusikiliza kwanza, na mpigaji wa tatu wa amadinda hana kazi nyingine ila hiyo. Basi kama karibu na shule yako yuko mzee mwenye ala, usingoje vitabu vya muziki viletwe. Wapeleke watoto kwake jioni hii, na mpira uwangoje kidogo.