Picha ya Bure: Kanuni ya Sinema ya Marekani na Rufani ya Mwaka 1965

Kifaransa hutaja ukatili usio na sababu katika filamu kwa neno lile lile la kitu kisicholipiwa. Kiswahili kina neno "bure", lakini sisi tumelipanua zaidi: aliyehangaika bure hakupunguziwa bei, alikosa faida. Basi tukisema uchi wa bure au ukatili wa bure, tunauliza picha hiyo ina kazi gani katika hadithi. Waliosimamia sinema ya Marekani walichelewa sana kuliuliza swali hilo.

Kanuni yao, iliyokubaliwa mwaka 1930 chini ya uongozi wa Will Hays, iliandikwa hasa na Padre Daniel Lord, Mjesuiti, pamoja na mchapishaji Mkatoliki Martin Quigley. Ilikataza uchi kamili, hata ule wa kivuli, na ilikataza mauaji ya kikatili kuonyeshwa kinaganaga. Tangu mwaka 1934 ofisi ya Joseph Breen ilikagua miswada na kutoa muhuri. Kampuni mwanachama iliyotoa filamu bila muhuri iliweza kutozwa faini ya dola 25,000. Wakaguzi walitazama kitu kilichoonyeshwa, kama karani wa forodha afunguaye sanduku.

Filamu iliyowatatiza ni *The Pawnbroker*, ya Sidney Lumet. Mwenye duka la rehani mjini New York ni Myahudi aliyenusurika kambi ya Wanazi. Mwanamke mwenye shida ya fedha anamfunulia kifua chake. Mtu yule haoni tamaa. Anamwona mkewe kambini, amevuliwa nguo kwa ajili ya askari. Tukiondoa kifua kile, kumbukumbu haina mlango wa kuingilia. Hapo uchi ndio hadithi yenyewe, wala sioni namna nyingine ambayo Lumet angeweza kuisimulia kwa nguvu ile.

Ofisi ilinyima muhuri. Mwaka 1965, baada ya rufani, filamu ilikubaliwa kuwa jambo la pekee, lisilofungulia nyingine njia. Legion of Decency, jumuiya ya Kikatoliki, iliilaani, ikihofia kwamba wengine wangeiga bila kuwa na sababu kama ile. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi, ingawa hukumu yao juu ya filamu hii naiona ni ya kosa.

Njia ilifunguka hata hivyo. Mwaka 1967 *Bonnie and Clyde* ilionyesha miili ikipasuliwa na risasi polepole. Mwaka 1968 kanuni ilifutwa, yakaja madaraja ya umri. Televisheni ya Marekani ilipata madaraja yake mwaka 1997. Wapimaji hutazama muktadha, ni kweli, lakini wanachotangaza mwishoni ni umri wa mtazamaji. Mtu mzima akishaingia na kuketi, hakuna aliyemweleza kwa nini mwili ule umewekwa mbele yake.