Reli Iliyoitwa ya Maziwa Makuu

Fungua ramani yoyote ya reli za Afrika, uitafute Mubi, mji mdogo wa Walikale, mashariki mwa Kongo. Upande wa mashariki, njia iliyotoka Mombasa inaishia Kasese, Uganda, ambako ilifika mwaka 1956 ikifuata shaba ya Kilembe. Upande wa magharibi kuna vipande vya reli kando ya mto Lualaba. Katikati, tangu milima ya Masisi hadi misitu ya Walikale, hakuna kitu.

Nia ilikuwepo, angalau kwenye karatasi. Mwaka 1902 tajiri wa Kibelgiji, Édouard Empain, aliunda kampuni ya reli ambayo jina lake refu la Kifaransa liliyataja Maziwa Makuu ya Afrika. Kazi yenyewe ilikuwa kukwepa maporomoko: palipoishinda meli, reli ilitandikwa. Stanleyville hadi Ponthierville, yaani Kisangani na Ubundu za leo, kilomita 125, ilifunguliwa 1906. Ikafuata Kindu–Kongolo, halafu Kabalo–Albertville (Kalemie) mwaka 1915. Msafiri alipanda treni, akashuka, akaingia melini, akashuka tena kuitafuta treni nyingine, na kila mara mizigo ikabebwa upya. Ziwa lililofikiwa ni Tanganyika. Kivu haikuona hata taruma moja la Empain.

Kusini mwa ziwa hilo ilijengwa reli nyingine fupi, kutoka Uvira ikipanda bonde la Ruzizi hadi Kamanyola. Mbele yake milima ya kuelekea Bukavu iliizuia, malori yakapokea mizigo, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikafungwa.

Watu wa Mubi, basi, walijitengenezea usafiri wao. Uti wake wa mgongo ni Barabara ya Taifa namba 3, kutoka Bukavu kupitia Walikale na Lubutu hadi Kisangani. Madini ya bati yalipogunduliwa Bisie, katika misitu ya Walikale, mwaka 2002, wapagazi walikata msitu kwa miguu, zaidi ya kilomita 40, kila mmoja na gunia la kilo 50 hivi mgongoni, mpaka kijiji cha Ndjingala. Kutoka hapo gunia lilipakiwa garini hadi Kilambo. Kule kipande cha barabara ya lami ndicho kilikuwa uwanja wa ndege: magari na pikipiki zilisimamishwa, ndege ikatua, ikapakiwa upesi, ikapaa kwenda Goma. Sijui kama kuna stesheni ya Empain iliyowahi kuwa na shughuli kama hiyo. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika mikoa ya Kivu na Maniema, na soko likazizima hadi marufuku ilipoondolewa Machi 2011.

Nairobi walishaonyesha kwamba usafiri usio na reli wala ratiba unachoreka. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Marekani walitoa ramani ya njia zaidi ya 130 za matatu, waliyoikusanya kwa simu wakiwa ndani ya magari hayohayo. Ramani ya Mubi ingeanzia kwenye vijia vya wapagazi, iweke nauli ya pikipiki ya siku kavu na ya siku ya matope, kisha ionyeshe kila kizuizi ambapo msafiri hutoa pesa ndipo apite.