Adabu za uwanjani: funzo la Ellis Park

Mashariki ya katikati ya jiji la Johannesburg, nchini Afrika Kusini, upo mtaa wa Doornfontein. Reli inapita kando yake, chuo kikuu kina majengo yake hapo, na juu ya mapaa ya maghala na karakana huonekana majukwaa marefu ya uwanja wa Ellis Park. Kwa muda wa karibu karne moja, uwanja huo umekuwa mahali ambapo Waafrika Kusini wamebishana juu ya jambo linaloonekana kuwa dogo: mtazamaji wa mchezo anapaswa kuwa na mwenendo gani, na kero ya nani ndiyo inayosikilizwa?

Kila mchezo una sheria zilizoandikwa na adabu zisizoandikwa. Chukua mfano wa voliboli ya mchangani, ile inayochezwa jioni ufukweni kwa burudani tu. Refa hayupo. Aliyegusa wavu hutarajiwa kusema mwenyewe. Mpira wa jirani ukiingia uwanjani mwako, huukamata ukamrudishia. Na wewe ukiufuata wako, hukatizi mchezo wa wenzako. Anayebishania kila pointi, siku ya pili hukosa wa kucheza naye. Hapo adabu hulindwa na kufahamiana.

Lakini watu wanapokuwa 60,000, tena wasiojuana, adabu hulindwa na nani? Hilo ndilo swali ambalo historia ya Ellis Park imelijibu, msikilizaji, na jibu lake liligharimu maisha ya watu.

Waliohamishwa na waliopewa viti

Johannesburg ilianza mwaka 1886, baada ya kugunduliwa dhahabu. Katika miaka ya mwanzo Doornfontein ulikuwa mtaa wa matajiri wa migodi. Matajiri hao walipohamia kaskazini, nafasi yao ikachukuliwa na wahamiaji Wayahudi kutoka Ulaya ya Mashariki, na pia na Waafrika waliopanga vyumba vya mabati katika nyua zilizosongamana. Katika nyua hizo wanawake walipika pombe ili kupata kodi ya chumba, na usiku ulipigwa muziki wa marabi.

Mwaka 1928, katika eneo lililokuwa machimbo ya mawe na jalala la taka, ulifunguliwa uwanja wa raga. Ukapewa jina la diwani wa jiji, J.D. Ellis, aliyesaidia kupatikana kwa ardhi hiyo. Katika miaka ya 1930 wenye mamlaka wakazivunja nyua za Doornfontein, na Waafrika wengi wakapelekwa Orlando, kitongoji kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka hiyo na ambacho baadaye kilikuja kuwa sehemu ya Soweto. Ni huko Orlando ambako mwaka 1937 ilizaliwa klabu ya soka ya Orlando Pirates.

Kwa hiyo mtaa mmoja ulitoa hukumu mbili. Kundi moja la wakazi lilijengewa majukwaa, na jingine likaondolewa. Watoto na wajukuu wa hao walioondolewa wangerudi Doornfontein siku moja, wakiwa na tiketi mkononi, na wengine bila tiketi.

Ukimya wa tenisi

Karibu na uwanja wa raga palikuwa na viwanja vya tenisi, na tenisi ni mchezo wenye adabu kali kuliko michezo mingi. Mtazamaji hunyamaza mpira unapochezwa, haondoki kitini ovyo, na hashangilii kosa la mchezaji. Chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi, hata hivyo, ukimya huo ulifunika utovu wa adabu mkubwa zaidi: watu weusi walitengewa sehemu yao ya kukaa, na walipewa nafasi chache.

Mwezi Novemba mwaka 1973 alifika hapo Mmarekani mweusi, Arthur Ashe, bingwa wa mashindano ya Marekani ya mwaka 1968. Serikali ya Afrika Kusini ilikuwa imemnyima viza kabla ya hapo. Safari hii aliporuhusiwa, alitoa sharti kwamba watazamaji wasitengwe kwa rangi zao. Waandaaji walikubali, ingawa mazoea ya miaka mingi hayakufutika kwa wiki moja. Ashe alishindwa na Jimmy Connors katika fainali ya mchezaji mmoja mmoja, lakini akishirikiana na Mholanzi Tom Okker alinyakua ubingwa wa wachezaji wawili wawili.

Miongoni mwa waliomwona Ashe siku zile alikuwa kijana wa kitongoji cha Alexandra, Mark Mathabane, ambaye mwaka 1978 alikwenda kusoma Marekani kwa msaada wa masomo alioupata kupitia tenisi. Kwa kijana kama huyo, adabu ya uwanjani haikuanzia kwenye kunyamaza. Ilianzia mlangoni: unaingia au huingii, na ukiingia unakaa wapi.

Shabiki aliyemshangilia mgeni

Upande wa raga mambo yalikuwa wazi zaidi. Timu ya taifa, Springboks, ilikuwa fahari ya Makaburu, na Waafrika wachache walioruhusiwa kuingia walikaa katika kona yao na kuishangilia timu yoyote iliyokuja kutoka nje. Kwa watazamaji weupe hiyo ilikuwa kero na utovu wa shukrani. Kwa wenyewe, yalikuwa maandamano pekee ambayo polisi hawakuweza kuyatawanya kwa urahisi.

Uwanja wa zamani ulibomolewa mwaka 1979, na mpya ukafunguliwa mwaka 1982. Ni katika uwanja huo mpya ambamo Juni 24, 1995, Afrika Kusini iliifunga New Zealand pointi 15 kwa 12, baada ya muda wa nyongeza, katika fainali ya Kombe la Dunia la raga. Rais Nelson Mandela aliingia uwanjani akiwa amevaa jezi ya kijani yenye namba 6, namba ya nahodha Francois Pienaar. Watazamaji, ambao wengi wao walikuwa weupe, wakaliimba jina lake.

Kitendo hicho kimeelezwa mara nyingi kuwa ni siasa, na kweli ilikuwa siasa. Lakini kilikuwa pia adabu ya uwanjani katika maana yake ya asili. Mandela alikuwa miongoni mwa wale walioishangilia timu ngeni enzi za utengano. Siku ile alivaa vazi la mwenyeji, na mwenyeji naye akaitika.

Jioni ya Aprili 11

Miaka sita baadaye, Jumatano ya Aprili 11, 2001, Doornfontein ulipokea umati wa aina nyingine. Orlando Pirates walikutana na Kaizer Chiefs, klabu iliyoanzishwa mwaka 1970 na Kaizer Motaung, aliyewahi kuwa mchezaji wa Pirates. Upinzani wao kwa Soweto ni kama ule wa Simba na Yanga kwa Dar es Salaam, au wa Gor Mahia na AFC Leopards kwa Nairobi.

Uwanja ulikuwa na nafasi ya watu wapatao 60,000. Ulipojaa, maelfu ya wengine walikuwa bado nje. Mechi ikaanza, mabao yakaingia, na kila kelele iliyotoka ndani iliwaongezea walioko nje hamu ya kuona. Watu wakasukumana kuelekea milangoni. Mchezo ulisimamishwa kabla ya mapumziko, timu zikiwa sare ya bao 1 kwa 1, na maiti zikaanza kulazwa kwenye nyasi. Watu 43 walipoteza maisha.

Inafaa kueleza jinsi vifo vya namna hiyo vinavyotokea, kwa sababu neno kukanyagana hupotosha. Wengi hawafi kwa kukanyagwa. Hufa wakiwa wamesimama, kwa kukosa pumzi, kifua kikiwa kimebanwa. Mtu aliye nyuma haoni kilicho mbele. Yeye husukuma kidogo tu, kama alivyozoea kusukuma kituoni au dirisha la tiketi, na hajui kwamba misukumo midogo ya watu mia kadhaa inajumlishwa na kumwangukia mtu mmoja aliyeko ukutani. Kila mmoja amefanya kosa la adabu dogo sana, na jumla ya makosa hayo ni mauti.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Bernard Ngoepe haikuwabebesha mashabiki lawama peke yao. Ilitaja mwenendo wao usiofaa, lakini ikataja pia makadirio mabaya ya idadi ya watazamaji, rushwa miongoni mwa baadhi ya walinzi, tangazo la kwisha kwa tiketi lililotolewa wakati usiofaa, na kukosekana kwa kiongozi mmoja wa kutoa amri. Tume ilisema vilevile kwamba wahusika hawakujifunza kutokana na yaliyopita. Na yaliyopita yalikuwa karibu mno: Januari 1991, katika mji wa Orkney, watu 42 walikufa kwenye mechi ya timu hizo hizo mbili.

Wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo. Lakini anayehesabu msafara ni mlinda mlango. Mlinzi anayepokea rushwa ili kumpitisha asiye na tiketi hamfanyii hisani. Anauza pumzi ya mtu mwingine.

Kelele za vuvuzela

Miaka hiyo hiyo ya mwanzo wa karne, tarumbeta ya plastiki iitwayo vuvuzela ilianza kuuzwa kwa wingi. Asili yake inagombaniwa. Shabiki mashuhuri wa Kaizer Chiefs, Freddie Maake, amedai kuwa ndiye aliyeibuni. Waumini wa kanisa la Shembe nao wanasema ilitokana na tarumbeta zao za ibada.

Juni 2009 mashindano ya Kombe la Mabara yalifunguliwa na kufungwa Ellis Park, na ulimwengu ukaisikia vuvuzela kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu. Mchezaji wa Hispania, Xabi Alonso, alitaka ipigwe marufuku. Mwaka uliofuata, katika Kombe la Dunia ambalo mechi zake 7 zilichezwa Ellis Park, mamia ya watazamaji wa televisheni Ulaya walilalamika. Madaktari walipima sauti yake na kuonya kwamba inaweza kudhuru masikio. Rais wa FIFA wakati huo, Sepp Blatter, alikataa kuizuia, akisema Afrika ina mdundo wake. Wimbledon, nyumba ya ule ukimya wa tenisi, iliipiga marufuku. Septemba 1, 2010, shirikisho la soka la Ulaya likafanya hivyo hivyo katika mashindano yake.

Katika mabishano hayo yote, kauli yenye busara zaidi ilipita bila kuzingatiwa sana. Danny Jordaan, aliyeongoza kamati ya maandalizi, alieleza kwamba mashabiki walikuwa wameombwa wasipulize wakati wa nyimbo za taifa na wakati matangazo ya uwanjani yanapotolewa. Wimbo wa taifa ni heshima ya mgeni. Tangazo ni uhai wa wote. Uwanja ambao watu wake hawawezi kusikia kwamba mlango fulani umefungwa, au kwamba warudi nyuma hatua kumi, uko hatarini hata kama kila mtu anacheka.

Kero zinazosikilizwa

Mwaka huo wa 2010 Afrika Kusini ilipitisha sheria ya usalama katika michezo na burudani, iliyotokana na mafunzo ya Ellis Park. Inamtaka mwandalizi apate kibali, mechi ipimwe kwa kiwango cha hatari yake, na majukumu yagawanywe mapema. Hata hivyo kabla tu ya Kombe la Dunia, watu zaidi ya 10 walijeruhiwa Tembisa katika mechi ya kirafiki ya Nigeria na Korea Kaskazini. Oktoba 23, 2010, watu 7 walikufa uwanja wa Nyayo, Nairobi, kwenye mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards. Na Julai 2017, Chiefs na Pirates walipokutana katika uwanja wa FNB, watu 2 walikufa kwenye msongamano wa mlangoni.

Ukiyapanga matukio ya Doornfontein kwa mfuatano wake, jambo moja hujitokeza. Kero zilizopata wasemaji zilikuwa za watu waliokwisha kukaa: mzungumzaji anayevuruga ukimya wa tenisi, mtu mweusi anayemshangilia mgeni, tarumbeta inayoumiza sikio la mtazamaji aliye sebuleni mwake huko Ulaya. Kero za mlangoni, yaani foleni isiyosonga, mlinzi mwenye mkono mrefu, kipaza sauti kilichonyamaza, zilihesabiwa kuwa ni hali ya kawaida, hadi zilipoua.

Wacheza voliboli ya mchangani hukiri kosa lao kwa sababu wanamwona usoni waliyemkosea. Shabiki aliye nyuma ya umati hana bahati hiyo. Aliyeko mbele yake hana sura, hana jina, na hawezi kupaza sauti kwa kuwa hana pumzi. Ndiyo maana adabu ya uwanja mkubwa haiwezi kuachiwa moyo mwema peke yake. Inahitaji mlango mpana, hesabu ya kweli, na tangazo linalotolewa mapema. Kwa upande wa shabiki, inahitaji jambo moja gumu kuliko kunyamaza au kuacha kupuliza tarumbeta: kusikia bao likishangiliwa ndani, kutokuwa na tiketi, na kugeuka kurudi nyumbani.